Maswali ya Wasomaji: Huduma za Bure Mtandaoni, Bili Anapelekewa Nani?

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: huduma za mtandaoni ambazo hatuzilipii hela, na taarifa zetu zinazochukuliwa badala ya hela. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu wengi mmeiuliza kwa namna moja au nyingine.

Jirani yangu alikopa Sh 80,000 kwenye programu ya simu. Alipochelewa kulipa, mimi na watu wengine wa mtaani tukaanza kutumiwa meseji kwamba sisi ndio wadhamini wake na ni matapeli kama yeye. Hiyo programu sijawahi hata kuiona. Namba yangu wameipataje, na je, nadaiwa?
*Mama wa duka la nafaka, Tandika*

Hudaiwi kitu, mama. Mdhamini ni mtu aliyekubali mwenyewe kudhamini. Namba yako kukutwa kwenye simu ya mtu hakukufanyi mdhamini wake, hata meseji iandikwe kwa herufi kubwa kiasi gani.

Namba imetoka kwenye simu ya jirani. Programu za namna hii zikifunguliwa mara ya kwanza huomba ruhusa mfululizo: anwani (yaani majina na namba ulizohifadhi), meseji, mahali ulipo, kamera. Mtu anayehangaikia ada au kodi ya nyumba anabonyeza "Ruhusu" mpaka mwisho bila kusoma. Ruhusa ya anwani ikishatoka, orodha nzima ya majina na namba inanakiliwa kwenda kwenye seva ya mkopeshaji. Haichukui muda, kwani namba mia tano na majina yake ni faili dogo kuliko picha moja ya kawaida ya simu. Ndiyo maana kuifuta programu baadaye hakurudishi kitu: nakala imeshaondoka.

Anayekopesha bila hati ya nyumba wala slipu ya mshahara anahitaji dhamana nyingine, na hapa dhamana ni aibu. Hapo ndipo tunapoona dhuluma kubwa kuliko hata riba yenyewe. Jirani yako alau alibonyeza kitufe na akapata Sh 80,000. Wewe na wengine mamia mliomo kwenye simu yake hamkuulizwa, hamkupata shilingi, na bado mnalipa.

Google ilishapiga marufuku jambo hili kwenye Play Store: tangu tarehe 31 Mei 2023, programu za mikopo binafsi haziruhusiwi kufikia anwani wala picha za mtumiaji. Kwa hiyo ukikuta programu ya mkopo inaomba anwani leo, ama inavunja masharti, ama imeingia kwa mlango wa nyuma, yaani faili la APK (la kusakinisha programu bila kupitia Play Store) lililotumwa kwa linki ya WhatsApp au Telegram. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Ukitaka kujua kama mkopeshaji ana leseni, angalia orodha ya watoa huduma ndogo za fedha kwenye tovuti ya Benki Kuu. Tafuta jina la kampuni, maana jina la programu linaweza kubadilishwa kila baada ya miezi michache huku wenyewe ni wale wale.

La kufanya wewe: usijibizane nao, usiwape namba ya NIDA "ili wakuondoe kwenye mfumo", wala usifungue linki yoyote. Piga picha ya skrini ya kila meseji ionyeshe namba iliyotuma, tarehe na saa, kisha zihifadhi hata ukiziba hiyo namba. Malalamiko ya namba yako kutumiwa bila ridhaa yanakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Malalamiko ya mkopeshaji mwenyewe yanakwenda Benki Kuu. Kama wamekutukana au kukutishia, nenda polisi na zile picha, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatambua kosa la kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao.

Na jirani naye mwambie haya, kwa upole maana ana yake. Azime ruhusa kwanza (Mipangilio, Programu, achague hiyo programu, Ruhusa, Anwani, Usiruhusu). Asiifute kabla hajapiga picha kiasi alichokopa, makato na tarehe, la sivyo atabaki bila ushahidi wa deni lenyewe. Awaandikie akidai wafute anwani alizowapa. Akilipa, alipe kwenye namba ya malipo ya kampuni na atunze meseji ya muamala; anayekusumbua ukamtumia kwenye laini yake binafsi, kesho atakuja mwingine kudai hilo hilo.

Mteja mpya alinipigia akacheka: simu yake ilimwonyesha jina "Juma Vitunguu Deni". Mimi ni Juma na nauza vitunguu, lakini sina deni na mtu. Nalitoaje?
*Juma, soko la Ilala*

Kuna mtu alikuhifadhi hivyo kwenye simu yake, na huenda alimaanisha kwamba yeye ndiye anayekudai au wewe ndiye unayemdai, mfumo haujui tofauti. Programu za kutambua wapigaji hujenga orodha zake kwa njia kadhaa, ikiwemo majina ambayo watumiaji wanayaweka au kuyapendekeza. Kwa Truecaller, kama una akaunti ifunge kwanza, kisha nenda kwenye ukurasa wao wa kuondoa namba, andika namba yako ukianzia na +255 badala ya sifuri, uthibitishe. Wengi hukwama kwa sababu akaunti bado iko hai, au wameandika 07 mwanzoni. Kama jina hilo linaonekana kwenye programu nyingine, kila moja ina orodha yake na itabidi uifuate yenyewe.

Tuliongea na fundi kuhusu bati za msauzi, tukiwa tumekaa tu uani. Jioni nafungua Facebook, tangazo la bati. Simu inanisikiliza?
*Msomaji, Sinza*

Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, waliopima programu za Android zaidi ya 17,000 na kutoa matokeo mwaka 2018. Hawakukuta ushahidi wa programu kuwasha maikrofoni kwa siri na kutuma mazungumzo. Walichokuta ni baadhi ya programu kurekodi picha ya skrini na kuipeleka kwa kampuni nyingine bila mtumiaji kujua, jambo ambalo nalo si dogo.

Ukweli ni kwamba kukusikiliza ni kazi ghali isiyo na ulazima. Fikiria nini kilitangulia yale mazungumzo. Fundi alishatafuta bei kwenye simu yake. Wewe wiki iliyopita ulifungua ukurasa wa duka la saruji au vigae. Mlikuwa kwenye Wi-Fi moja ya nyumbani, na mkitumia Wi-Fi moja mnaonekana kwa anwani moja ya IP, yaani namba inayotambulisha mtandao mnaotumia. Simu yako ilishinda Buguruni kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Tovuti nyingi za maduka zina kipande cha msimbo kiitwacho pikseli, ambacho kila ukurasa ukifunguka kinamtaarifu mwenye mtandao wa matangazo: kifaa hiki, saa hii, kimeangalia bati geji 28, hakikununua. Huna haja ya kubonyeza chochote. Na matangazo ya nepi, ya chuo na ya safari za Dubai uliyoonyeshwa siku hiyo hiyo umeyasahau, ukakumbuka la bati kwa kuwa ndilo lililolenga.

Vitu vitatu vinapunguza hali hii kweli. Mengine mnayotumiana kwenye magrupu ni kelele.

Cha kwanza ni kitambulisho cha matangazo. Kila simu ya Android yenye huduma za Google ina namba ndefu ambayo programu mbalimbali huisoma, na hiyo ndiyo inayounganisha mchezo unaocheza na duka unalotembelea. Fungua Mipangilio, Google, Matangazo, kisha Futa kitambulisho cha matangazo. Kwenye baadhi ya simu sehemu hiyo iko chini ya Faragha. Programu zikiuliza tena zitapewa sifuri tupu. Usichague kukibadilisha tu, kwani hapo unapewa namba mpya na kazi inaanza upya. Kwa iPhone, tangu toleo la 14.5 la Aprili 2021, programu lazima ziombe kwanza ruhusa ya kukufuatilia. Unaweza kuzima hata maombi yenyewe.

Cha pili ni ndani ya Facebook na Instagram: Kituo cha Akaunti, sehemu ya taarifa na ruhusa zako, kisha shughuli zako nje ya Meta (kampuni inayomiliki mitandao hiyo miwili). Utaona orodha ya tovuti na programu zilizopeleka habari zako, na wengi hushtuka kwa urefu wake. Futa za nyuma, halafu kata za mbele. Angalizo: ukikata za mbele, huenda usiweze kuingia kwenye programu ulizokuwa unaingia kwa akaunti ya Facebook. Kwa hiyo weka kwanza barua pepe na nywila kwenye hizo unazozihitaji.

Cha tatu ni akaunti ya Google. Kwenye shughuli za wavuti na programu, weka zijifute zenyewe kila baada ya miezi 3. Akaunti zilizofunguliwa tangu katikati ya 2020 huanza na miezi 18, kama mwenyewe hukugusa kitu.

Matangazo hayatapungua idadi hata kidogo. Yatakuwa ya hovyo zaidi, na hiyo ndiyo dalili kwamba umefanikiwa.

Shemeji yangu yuko Ujerumani. Anasema Facebook walimpa chaguo: alipie euro kila mwezi asione matangazo, au akubali kufuatiliwa. Mbona sisi hatuulizwi?
*Msomaji, Kijitonyama*

Kwa sababu huko sheria iliwabana. Meta ilianzisha malipo hayo Ulaya Novemba 2023: euro 9.99 kwa mwezi kwa anayetumia kivinjari, 12.99 kwa anayetumia simu. Na hata hivyo hawakuachiwa. Aprili 2025 Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, iliwatoza faini ya euro milioni 200, ikisema chaguo la kulipa au kufuatiliwa halikumpa mtu nafasi halisi ya kutumia huduma kwa taarifa chache zaidi.

Hesabu zao wenyewe zinaeleza mengine. Katika miezi mitatu ya mwisho ya 2023, kila mtumiaji wa Facebook wa Marekani na Kanada aliiingizia kampuni zaidi ya dola 68. Kwenye kundi lenye Afrika ndani yake haikufika dola 6. Ukiigawa, sisi tunaingiza chini ya dola 2 kwa mwezi, kwa bei za wakati ule kama Sh 5,000. Wapo watu Dar wanaoweza kulipa hiyo. Lakini kampuni ikiweka bei ya Ulaya, faragha itakuwa ya Masaki na Oysterbay, na Mbagala wataendelea kulipa kwa taarifa. Sisi tunaona hilo ni baya kuliko hali ya sasa. Kinachotakiwa ni mfano wa tatu, unaokaribiana na ule Kamisheni ilioutaka: matangazo yabaki, yasifuate mtu. Tangazo la bati kwenye ukurasa wa ujenzi halihitaji kujua ulilala wapi jana.

Mnakumbuka pia ofa za kuingia Facebook bila bando. Oktoba 2014 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupata huduma ya Internet.org kupitia Tigo, ambayo baadaye iliitwa Free Basics. India ilizuia mpango wa aina hiyo Februari 2016, kwa hoja kwamba bei ya data isitofautishwe kulingana na tovuti anayofungua mtu.

Nina kampuni ndogo ya usambazaji. Nilitangaza kazi ya udereva wa bajaji za mizigo kwenye Instagram, sikuchagua jinsia. Ripoti inaonyesha karibu wote walioliona ni wanaume. Kosa langu?
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

Hukukosea kujaza. Uliyemchagua ni mtu anayestahili kuliona. Atakayeonyeshwa kweli huchaguliwa na mfumo, na mfumo unatafuta anayeelekea kubonyeza kwa bei nafuu. Watafiti wa Marekani walionyesha jambo hilo mwaka 2019: matangazo ya kazi yaliyolipiwa na kulengwa kwa watu wale wale, kazi za mbao yalikwenda zaidi kwa wanaume, ya keshia wa supamaketi kwa wanawake. Hata picha pekee iliweza kubadilisha walioonyeshwa.

Fanya hivi. Tengeneza makundi mawili ya tangazo, moja la wanawake, moja la wanaume, maandishi yale yale. Kila kundi lipe bajeti yake, tuseme Sh 10,000 kwa siku kila moja. Usitumie bajeti ya kampeni nzima, kwa sababu hapo mfumo utahamisha hela kwenye kundi lenye mibonyezo rahisi na utarudi ulipoanza. Badilisha picha: mkono kwenye usukani au bajaji yenyewe, isiwe kijana wa kiume. Liache siku nne au tano kabla hujaligusa. Tegemea gharama ya kumfikia mwanamke mmoja kuwa juu, maana matangazo ya vipodozi, nguo na vitu vya watoto yanagombea macho hayo hayo. Hiyo tofauti ndiyo bei ya usawa kwenye mfumo huu, na kwa bahati mbaya anayeilipa ni wewe.

Tunatengeneza programu ya bure inayowapima wafanyabiashara wadogo kama wanakopesheka. Ili tusibague, tumeamua kutouliza jinsia kabisa. Mwenzangu anasema tumekosea. Nani yuko sahihi?
*Kijana wa teknolojia, Mwenge*

Mwenzako, ingawa wewe nia yako ni njema. Kutouliza jinsia kunalinda faragha lakini hakuzuii ubaguzi, kunaufanya usionekane. Mfumo wenu utajifunza jinsia kwa mlango wa pembeni: aina ya simu, saa za kununua vocha, kiasi cha salio, aina ya biashara. Mama ntilie na bodaboda hawanunui vocha saa zile zile. Sasa tuseme mna waombaji 1,000, wanaume 700 na wanawake 300. Mmepitisha wanaume 420 na wanawake 120. Ni asilimia 60 dhidi ya 40. Bila safu ya jinsia mngeona 540 kati ya 1,000 mkaridhika.

Lakini msiichukue ovyo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, jinsia na miamala ya kifedha ya mtu vimo katika taarifa nyeti, na kuzichakata kunataka ridhaa ya maandishi. Na nyie kama wakusanyaji mnatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ulizeni jinsia baada ya uamuzi kutoka, kwa hiari, mkisema wazi ni ya ukaguzi tu. Ihifadhini kwenye jedwali lake, iunganishwe na ombi kwa msimbo wa nasibu badala ya namba ya simu, wawe na ufunguo watu wawili tu, na ifutwe ukaguzi ukiisha.

Kuna tatizo jingine ambalo timu nyingi hulikwepa. Mliowakataa hamtajua kamwe kama wangelipa, kwa hiyo mfumo unajithibitisha wenyewe. Pitisheni kwa bahati nasibu wachache kati ya waliokataliwa, tuseme 3 kwa kila 100, kwa kiwango kidogo kama Sh 20,000. Kama wanawake waliokataliwa wanalipa vizuri kuliko wanaume waliokataliwa, kizingiti chenu kinawaonea. Hasara ya mikopo hiyo iwekeni kwenye bajeti ya utafiti, msiifidie kwa kupandisha riba.

Na mkifikiria kulinda faragha kwa kuchanganya takwimu na kelele za kihesabu (namba za bahati nasibu zinazoongezwa ili mtu mmoja asitambulike), njia iliyowekewa msingi na Cynthia Dwork na wenzake mwaka 2006, ni njia nzuri yenye gharama isiyo sawa. Eugene Bagdasaryan, Omid Poursaeed na Vitaly Shmatikov walionyesha mwaka 2019 kwamba usahihi unaopotea hupotea zaidi kwa makundi madogo. Kundi la watu 5,000 litavumilia kelele hizo. Wavuvi 40 wa Kigamboni watapotea kabisa kwenye mfumo, na mfumo utawapima kama vile ni wauza mitumba wa Karume. Pimeni usahihi kwa kila kundi kabla na baada, si wastani peke yake.

Kuondoa majina nako hakutoshi. Latanya Sweeney alikadiria mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanatambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Kwenu, kinacholingana na msimbo wa posta ni kata. Kwa hiyo hifadhini mwaka wa kuzaliwa badala ya tarehe, wilaya badala ya kata pale inapotosha, na msitoe hadharani jedwali lenye kisanduku cha watu chini ya 10.

Mwisho, sheria inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Wekeni kitufe cha kuomba mtu aangalie upya, kionekane kwenye ukurasa ule ule wa "Ombi limekataliwa", na mpangieni mtu wa zamu mwenye mamlaka ya kugeuza uamuzi. Mkimweka asiye na mamlaka hayo, atajibu tu kwa kunakili sababu ya mfumo na mtakuwa hamjafanya kitu.